Ng'ombe Huenda Malishoni, Wanafunzi Hubaki Bwenini: Historia ya Moto na Rutuba Kutoka Tope

Uwanda wa juu wa Iramba, mkoani Singida, unaitazama mbuga ya Wembere iliyo upande wa magharibi. Kwa vizazi vingi Wanyiramba wamelima mtama, uwele na mahindi huku juu, na kiangazi kinapokaza wameteremsha ng'ombe mbugani kutafuta majani na maji. Kinampanda ni kata ya huku juu, katika Wilaya ya Iramba ambayo makao yake makuu ni Kiomboi. Nje ya Singida, wengi wanaolijua jina hilo wanalijua kwa ualimu. Wamisionari wa Kilutheri wa kanisa la Augustana, waliotoka Marekani na kuingia Iramba katika miaka ya 1920, waliacha hapo mizizi ya chuo cha ualimu ambacho leo ni cha Serikali, na walimu waliofunzwa Kinampanda wamesambaa nchi nzima.

Mambo hayo mawili, ng'ombe wanaoondoka na wanafunzi wanaobaki, ndiyo yanayonifanya nianzie Kinampanda. Hii ni historia ya mtambo unaopokea kinyesi ukarudisha moto wa kupikia na mbolea ya shambani. Nchini mwetu imezoeleka kusimuliwa kama habari ya ng'ombe, hata jina lake la kawaida ni gesi ya samadi. Lakini nusu yake ni habari ya binadamu, ya vyoo vyake na tope lake, na nusu hiyo ndiyo inayoihusu Iramba zaidi.

Taa za Exeter

Gesi ilijulikana kabla ya mtambo. Mwaka 1776 Mwitaliano Alessandro Volta alikoroga tope la Ziwa Maggiore, akakinga mapovu yaliyopanda juu, akaona kwamba yanashika moto. Mahali pasipofika hewa, bakteria huvunjavunja mabaki ya mimea, chakula na kinyesi, na kutoa methani iliyochanganyika na kaboni dioksidi. Tumbo la ng'ombe hufanya kazi hiyohiyo usiku na mchana, ndiyo maana samadi mbichi huja na bakteria wake tayari.

Huko Ulaya, watu wa kwanza kuitumia gesi hiyo kwa mpango walikuwa wahandisi wa majitaka. Mwaka 1895, katika mji wa Exeter nchini Uingereza, Donald Cameron alijenga tanki lililofunikwa la kusafishia majitaka, na gesi iliyotoka humo ikawasha taa. Miaka hiyohiyo ya mwisho wa karne ya 19, huko Bombay, makazi ya wakoma ya Matunga nayo yalipata mwanga kutokana na kinyesi cha waliokuwa wakiishi humo. Muongo mmoja baadaye Mjerumani Karl Imhoff alibuni tanki lenye vyumba viwili: maji yanapita juu, tope linazama chini na kuchacha kwa utulivu. Kufikia miaka ya 1920 gesi ya majitaka ya Essen ilikuwa inaingizwa kwenye mabomba ya gesi ya mji.

Mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett, wakifanya kazi Manchester, walionyesha kwamba majitaka yakipulizwa hewa, bakteria wanaoihitaji hewa huyasafisha haraka. Njia yao ilienea duniani, ikaleta kazi mpya: kila mji ulioitumia ulibaki na lundo la tope la kila siku. Tope hilo likapelekwa kwenye matanki makubwa yasiyopata hewa, likatoa gesi, na gesi ikaendesha injini za kupulizia hewa ileile. Ukawa mzunguko unaojilipia sehemu ya gharama zake.

Afrika Mashariki ya kikoloni haikupata mzunguko huo kwa upana. Katikati ya Dar es Salaam palijengewa mabomba yaliyomwaga majitaka baharini. Baadaye miji kama Dodoma, Moshi na Morogoro ilipata mabwawa ya kutulizia majitaka, ambayo ni rahisi kuyaendesha na yanaifaa nchi ya jua kali. Chini ya mabwawa hayo bakteria walewale wa Volta wanafanya kazi kila siku, ila methani yao inapanda angani bila kumfaa mtu, na huko angani inazidisha joto la dunia. Nyumba nyingi, mjini na kijijini, hazikupata bomba wala bwawa. Zilibaki na choo cha shimo.

Pipa la chuma

Njia iliyofika kwetu ilitoka India. Jashbhai Patel alibuni mtambo wake mwaka 1951, na miaka kumi hivi baadaye tume ya serikali ya India inayosimamia viwanda vya vijijini ikaanza kuueneza. Lilikuwa shimo lililojengwa kwa matofali kama kisima, likafunikwa kwa pipa kubwa la chuma lililogeuzwa mdomo chini. Gesi ikitoka pipa linapanda, mpishi akiwasha jiko pipa linashuka. Mwenye mtambo hakuhitaji kipimo, kwani pipa lenyewe lilimwonyesha akiba yake. China ilishika njia nyingine, ya kuba la matofali au zege lililofukiwa ardhini lisilo na kitu kinachosogea. Katika miaka ya 1970 Wachina walijenga mitambo hiyo kwa mamilioni, wakiilisha kinyesi cha nguruwe na cha watu.

Tanzania iliingia katika habari hii kwa mlango wa viwanda vidogo. Shirika la SIDO liliundwa mwaka 1973, mwaka uleule bei ya mafuta ilipopanda ghafla duniani na kuitikisa hazina ya nchi changa. Mwaka 1975 SIDO ilianza kujenga mitambo ya mfano wa India, na katika miaka kumi hivi iliyofuata ikafikisha zaidi ya 100. Nia ilikuwa njema na mtambo wenyewe ulieleweka kwa urahisi. Ugumu ulikuwa kwenye pipa. Chuma kilikuwa ghali na kiliagizwa nje, pipa lilihitaji mchomeleaji hodari na gari la kulibeba, na gesi hii ina chembe za gesi nyingine yenye harufu ya yai viza, ambayo ikikutana na unyevu hula chuma. Pipa lililotoboka lilimaanisha jiko lililozimika, na mkulima hakuwa na fedha wala fundi wa kulirudisha.

Mjini Arusha mradi wa teknolojia nafuu ulijaribu kupunguza gharama kwa kutumia mapipa ya mafuta yaliyokwisha kutumika. Gharama ilishuka, kutu ikabaki. Lakini jaribio hilo liliwapa mafundi wa Arusha ujuzi wa kwanza, na ujuzi huo ukaingia katika chombo kipya cha taifa.

Kuba la Arusha

CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, kilianzishwa kwa sheria mwaka 1981 na makao yake yakawa Arusha. Mwaka 1983 kilianza, pamoja na shirika la misaada ya kiufundi la Ujerumani, GTZ, huduma ya ugani wa gesi ya samadi. Waliliacha pipa, wakachukua wazo la Wachina la kuba lililofukiwa, kisha wakalitafutia dawa udhaifu wake.

Udhaifu huo ulikuwa nyufa. Matofali hustahimili kubanwa, hayastahimili kuvutwa. Kuba linapojaa gesi husukumwa kutoka ndani, na pale ukuta wa chini unapoungana na sakafu hupata nguvu za kuuvuta. Ufa ukianzia chini hupanda mpaka kwenye chumba cha gesi, na gesi hupenya hata pale maji yasipopenya. Wahandisi wa Arusha wakagawanya kuba kwa duara la chokaa lililofanywa dhaifu kwa makusudi, ili ufa ukija uishie hapo, na juu yake wakaweka duara la zege imara linalobeba sehemu ya gesi. Sehemu ya juu ikapigwa lipu maalumu isiyopitisha gesi, kisha mtambo wote ukafukiwa udongo ambao uzito wake hulibana kuba. Kwa saruji, matofali na mchanga, fundi mwashi aliyefunzwa vizuri aliweza kujenga mtambo wa kudumu miaka mingi pasipo bati wala pipa. Mwaka 1991 kazi hiyo ilichapishwa katika kitabu cha Ludwig Sasse, Christopher Kellner na Ainea Kimaro, na mtambo wa CAMARTEC ukajulikana kwa jina hilo mbali nje ya Tanzania.

Thamani ya kazi ya Arusha haikuishia kwenye kuba. Waliufikiria mtambo kuwa kiungo kimoja cha mnyororo mzima: zizi lenye sakafu ya zege ili mkojo na samadi vitiririke vyenyewe, choo cha familia kikiunganishwa pale mwenye nyumba alipoafiki, jiko na taa upande mmoja, na upande wa pili mfereji wa kupeleka tope lililochachuka shambani. Aliyenunua mtambo kwa ajili ya jiko peke yake alikuwa amenunua nusu ya faida.

Mitambo ikaenea Arumeru na Kilimanjaro, na sababu zake zinaonekana. Huko ardhi ni finyu, kwa hiyo ng'ombe wa maziwa hufugwa bandani na kukatiwa majani. Samadi yote inaangukia mahali pamoja. Maji yako karibu, na mtambo unahitaji maji karibu sawa na samadi. Maziwa na kahawa vilileta fedha taslimu za kununulia saruji, na migomba ilipokea tope lote lililotoka.

Mahali ambapo ng'ombe hawalali

Iramba haikuwa na hali hiyo. Mvua hapa ni za msimu mmoja, na kiangazi ndoo ya maji ina thamani yake. Ng'ombe wa asili huzunguka mchana kutwa na kuacha samadi njiani. Zizi hupata ya usiku tu, na mifugo ikiteremshwa mbugani zizi halipati kitu kwa miezi. Mtambo wa gesi unataka kulishwa kila siku, hauwezi kusubiri mifugo irudi.

Haimaanishi kwamba ukanda wa kati ulisahaulika. Jirani zetu wa Dodoma waliunda MIGESADO, Miradi ya Gesi ya Samadi Dodoma, ikajenga mitambo katika nchi kavu ya Ugogo. Watafiti na mashirika mengine yalijaribu mitambo ya mirija ya plastiki, iliyo nafuu kuliko saruji, tangu miaka ya 1990. Mwaka 2009 ukaanza mpango wa taifa wa gesi ya samadi majumbani, CAMARTEC wakiwa watekelezaji, kwa msaada wa Uholanzi kupitia mashirika ya Hivos na SNV, lengo la kwanza likiwa mitambo 12,000. Mpango huo ulifunza waashi wengi na kuwapeleka katika mikoa mingi. Hata hivyo, kanuni ilibaki ileile: kwanza uwe na ng'ombe bandani na maji jirani. Kaya nyingi za Iramba hazikuifikia kanuni hiyo.

Kinachokusanyika mahali pamoja kila siku huku juu ni watu. Wako katika mabweni ya shule za sekondari, katika vyuo, hospitalini na gerezani. Kinyesi cha mtu mmoja kwa siku kinaweza kutoa lita 20 hadi 30 za gesi. Kwa familia hicho ni kidogo mno, kwani jiko la nyumbani linahitaji lita 1,000 hadi 2,000 kwa siku. Lakini bweni la watu 500 hufikisha mita za ujazo 10 hadi 15 kila siku. Kilo moja ya samadi hutoa lita 30 hadi 40, hivyo kuipata gesi hiyo kutoka kwa ng'ombe wa kienyeji, anayeacha kilo 10 hivi zizini, kungehitaji ng'ombe kati ya 25 na 50, tena wasiokosa kulala zizini hata usiku mmoja. Shule ya bweni tayari ina zizi la namna hiyo. Inalichimbia mashimo, inayafukia yakijaa, kisha inanunua kuni kwa lori.

Magereza ya Rwanda

Walioipima hesabu hii kwa vitendo walikuwa Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, zaidi ya watu 100,000 walikuwa magerezani wakisubiri hukumu. Gereza lililojengewa mamia lilibeba maelfu, hata 5,000 na zaidi. Vyoo vilifurika, kinyesi kikateremka mabondeni kuelekea kwenye maji ya watu wengine, na kupikia umati huo kulimaliza kuni za nchi ambayo tayari ilikuwa na misitu michache.

Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, KIST, ikaanza kuunganisha vyoo vya magereza na mitambo ya gesi. Wa kwanza ulianza kazi mwaka 2001 katika gereza la Cyangugu, kusini mwa Ziwa Kivu. Aliyesimamia kazi ya gesi hapo KIST alikuwa Ainea Kimaro, ambaye jina lake limo kwenye kitabu cha CAMARTEC cha 1991. Elimu ya kuba la Arusha, iliyokuwa imezoea ng'ombe wawili watatu wa mkulima wa Meru, ikavuka mpaka na kukutana na maelfu ya watu.

Walijenga makuba ya mita za ujazo 50 au 100 kila moja, wakayaunganisha kwa mfuatano chini ya ardhi. Kinyesi kilisukumwa kwa maji kupitia mifereji iliyofunikwa, hivyo harufu ikapungua na nzi wakakosa pa kuzalia. Samadi ya ng'ombe ilitiwa mwanzoni ili kuleta bakteria, kisha mtambo ukajiendesha kwa kinachotoka chooni. Wafungwa wenyewe walifunzwa uashi, wakajenga. Gesi ilienda jikoni na tope likaenda kwenye bustani za gereza. Kufikia mwaka 2005, mitambo ilipokuwa imefika katika magereza sita yenye watu wapatao 30,000, KIST ilipewa tuzo ya Ashden mjini London.

Gesi haikumaliza haja ya kuni. Iliipunguza kwa takriban nusu. Mtu anayeahidiwa kwamba choo kitafuta kuni zote atavunjika moyo na kuuacha mtambo, ilhali nusu ya kuni za gereza la watu 5,000 ni msitu mzima unaobaki umesimama.

Wengine walifuata kwa namna yao. Mjini Nairobi, shirika la Umande Trust lilijenga Kibera vituo vyenye vyoo na mabafu ya kulipia, chini yake kuba la gesi, juu yake jiko la jamii na kumbi za mikutano. Hapo pia swali la kwanza la watu lilikuwa kama chakula kilichopikwa kwa moto huo kinafaa kuliwa. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la heshima: kinachofika jikoni ni gesi iliyopita ndani ya bomba, nayo ikiungua hubaki joto, mvuke na kaboni dioksidi. Hakuna chembe ya kinyesi inayogusa sufuria.

Mtambo ambao haukujengwa

Haki ya historia inataka tuyataje pia yaliyokwama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilipata fedha za mfuko wa mazingira wa dunia, GEF, kupitia UNDP, kwa mradi ulioitwa Taka Gas. Taka za Dar es Salaam zinazooza zingetoa gesi, umeme na mbolea. Utafiti ulifanywa na michoro ikawekwa, lakini mradi ulifungwa kabla ya mtambo kujengwa. Mwaka 2008 Hale, mkoani Tanga, ilifanikiwa pale Dar es Salaam iliposhindwa: mabaki ya mkonge, ambayo ni sehemu kubwa mno ya jani baada ya nyuzi kutolewa, yakaanza kuzalisha umeme katika mtambo wa kampuni ya Katani.

Tofauti ya sehemu hizo mbili inafundisha. Hale kiwanda, mabaki na mtumiaji wa umeme vilikuwa chini ya paa la mwenye mali mmoja, aliyeuhitaji mtambo kila alfajiri. Taka za jiji zilipita mikononi mwa wengi, na hakuna mkono mmoja uliokuwa na haja nazo za kila siku. Magereza ya Rwanda yako upande wa Hale, na shule ya bweni pia: choo, jiko na bustani ni vya taasisi moja.

Rutuba iliyoachwa shimoni

Gesi huvutia macho kwa sababu inawaka. Mali kubwa zaidi hubaki katika tope. Bakteria huchukua kaboni ili kutengeneza methani. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu hawaviondoi. Naitrojeni hugeuka kuwa amonia ambayo mmea huichukua upesi, ndiyo maana wakulima wenye mitambo husema tope hilo, bioslari, hufanya kazi haraka kuliko samadi ya zizini. Fosforasi haina pa kwenda: hubaki ndani ya tope.

Watafiti wa Sweden walikokotoa, kutokana na chakula kinacholiwa Uganda, kwamba mtu mmoja hutoa kwa mwaka kilo 2.5 za naitrojeni na kilo 0.4 za fosforasi, sehemu kubwa ya naitrojeni ikiwa katika mkojo. Watu 500 kwa mwaka mzima ni kilo 1,250 za naitrojeni, sawa na iliyomo katika mifuko zaidi ya 50 ya urea ya kilo 50. Likizo hupunguza kiasi hicho, na amonia isipofunikwa hutoroka hewani. Hata ikibaki nusu, ni mbolea ambayo shule hulipia mara mbili: mara ya kwanza kwa kuchimba shimo la kuizika, mara ya pili kwa kununua mfuko dukani.

Taifa nalo limetafuta rutuba hiyo kwa gharama. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilifunguliwa mwaka 1972 kikafungwa 1991. Mgodi wa fosfeti wa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ulianza uzalishaji mwaka 1983 na mpaka leo ni hazina yetu. Bei za mbolea zilipopaa duniani mwaka 2021 na 2022, Serikali ililazimika kutoa ruzuku, iliyozinduliwa Mbeya mwezi Agosti 2022. Ujerumani, nchi isiyo na mgodi wa fosfeti, ilitunga kanuni mwaka 2017 inayoitaka mitambo mikubwa ya majitaka kuirudisha fosforasi ya kwenye tope kuanzia 2029. Nchi tajiri imeamua kwa sheria kwamba madini hayo yasiishie kwenye majivu na madampo.

Tope la binadamu lina masharti ambayo la ng'ombe halina. Mayai ya minyoo, hasa ya mchango (Ascaris), huvuka salama katika mtambo wenye joto la kawaida. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 inataka tope lililokaushwa lihifadhiwe bila kuongezwa jipya angalau mwaka mmoja mahali penye joto la zaidi ya nyuzi 20, na mwaka mmoja na nusu hadi miwili penye baridi zaidi, au lichanganywe na majani na kuachwa lipate moto wa mboji wa zaidi ya nyuzi 50 kwa wiki nzima. Uwanda wa Iramba una usiku wa baridi, hivyo busara ni kushika muda mrefu. Hata baada ya hapo, lianzie kwenye mahindi, alizeti na miti. Mboga za kuliwa mbichi zisipate. Masharti haya yanabebeka, yanachohitaji ni kitanda cha kukaushia tope, banda la kuhifadhi na daftari la tarehe.

Bugolobi

Miji mikubwa ya kanda yetu nayo imeanza kufika. Kampala ilifungua mwaka 2014 mitambo ya Lubigi inayopokea magari ya topekinyesi kutoka kwenye vyoo vya mashimo, ikikiri kwamba watu wengi hawamo kwenye mabomba. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2020, shirika la maji la Uganda likakamilisha Bugolobi, mtambo wa kusafisha mita za ujazo 45,000 za majitaka kwa siku ambayo zamani yalililemea Ziwa Victoria kupitia mfereji wa Nakivubo. Tope lake huingia kwenye matanki yasiyopata hewa, na gesi huendesha jenereta zenye uwezo wa zaidi ya kilowati 600, umeme unaorudi kuendesha mtambo wenyewe. Mzunguko ulioenea Ulaya karne moja kabla sasa unazunguka karibu na ufuko wa ziwa hilo.

Kati ya Bugolobi na choo cha shimo cha kijijini kuna pengo kubwa la fedha. Kuba la Arusha liko katikati yake, nalo linagharimu saruji, matofali na fundi aliyefunzwa.

Zamu ya mabweni

Sababu ya kulijenga haijawahi kuwa karibu kama sasa. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, Januari 2024 ikiwekwa kuwa ukomo. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Shule nyingi zimeitikia kwa mitungi ya gesi ya dukani, ambayo ni safi lakini hununuliwa kila muhula na haiachi hata gramu ya mbolea.

Historia ya miaka 50 tangu pipa la kwanza la SIDO inanipa hukumu moja. Mitambo yetu haikufa kwa kukosa sayansi. Ilikufa pale palipokosekana fundi wa karibu, kipuri cha karibu, na mtu mwenye haja nayo kila siku. Ilidumu pale vitu hivyo vitatu vilipokuwapo, iwe Meru au Cyangugu. Kwa hiyo bodi ya shule inayotaka mtambo ipange bajeti ya fundi wa kila mwaka kabla ya kununua saruji, itenge mtu mmoja wa kuandika kiasi cha maji, gesi na tope, na ikatae mchoro wowote usioonyesha tope litakaushwa wapi. Halmashauri ya Iramba, kama halmashauri zote za ukanda wa kati, inaweza kuweka sharti hilo katika kila bweni jipya linalojengwa kwa fedha za umma, maana kuunganisha choo na kuba wakati wa ujenzi ni rahisi kuliko kukifukua baadaye.

Na chuo cha ualimu ni mahali pa kuanzia kuliko pengine popote. Mwalimu aliyepika, akapima tope na kuvuna alizeti kutokana na choo cha bweni lake hatahitaji semina ya kumshawishi. Atakwenda na ujuzi huo Manyoni, Kigoma au Newala, na wanafunzi wake watauona ni jambo la kawaida. Wakuu wa vyuo, wahandisi wa halmashauri na wizara zinazohusika: safari hii msisubiri ng'ombe. Jengeni kwa ajili ya watu mlio nao, mkianza na Kinampanda.